Tupeane uzoefu: kuunganisha deki na sabufa ya bei nafuu

Mwanzisha mada, Sakina, Arusha

Wakuu habari za jioni. Nafungua uzi huu kwa sababu nimehangaika siku tatu na tatizo ambalo dawa yake ilikuwa kwenye rimoti, na sitaki mwingine atoe hela ya fundi kwa jambo kama hili.

Nilinunua sabufa ya spika tano, mitaa ya soko la Kilombero. Deki nilikuwa nayo nyumbani. Nikachomeka waya mwekundu na mweupe, nikaweka sinema, familia yote imekaa. Muziki ukaja safi. Magari yanalia breki, risasi zinapigwa, mvua inasikika mpaka raha. Ila watu wakianza kuongea, kimya. Mama yangu alikuwa ametutembelea kutoka Tengeru, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hawa wanachezesha midomo tu?"

Nikarudisha sabufa dukani. Muuzaji akachomeka simu, ikaimba vizuri kabisa. Nikanunua waya mpya. Hali ni ile ile.

Kumbe iko hivi. DVD yenye sauti ya 5.1 imegawa sauti mafungu sita: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, mbili za nyuma, na fungu la besi peke yake. Mazungumzo karibu yote yamewekwa kwenye fungu la katikati. Deki yangu ina matundu sita ya sauti nyuma, na ilikuwa imepangwa itoe kila fungu kwenye tundu lake. Mimi nilikuwa nimechomeka mawili tu, ya kushoto na kulia. Maneno ya watu yalikuwa yanatokea kwenye tundu lisilo na waya.

Nikaingia kwenye menyu ya deki, sehemu ya sauti, nikakuta palipoandikwa "Downmix" pamewekwa 5.1. Nikaweka "Stereo". Deki ikachanganya mafungu yote ikayapitisha kwenye zile waya mbili, na watu wakaanza kuongea. Mama akaomba turudie sinema tangu mwanzo, tukarudia.

Haya, na ninyi leteni yenu. Hasa nyie mliofanikiwa kupata sauti ya nyuma kweli kweli.

Mdau wa Pasua, Moshi

Mkuu mimi sabufa yangu ina matundu sita ya kupokea, na deki ina sita ya kutoa, kwa hiyo nilitumia waya sita. Hapo ile "Downmix" unaiacha kwenye 5.1. Kosa langu lilikuwa kubadilishana waya wa katikati na wa besi. Matokeo yake mazungumzo yalikwenda kwenye lile boksi kubwa, watu wakawa wanaongea kama wako ndani ya pipa, na spika ya katikati haitoi kitu cha maana.

Deki yangu ina kipimo cha spika kwenye menyu: inatoa mlio wa "shhh" kwenye spika moja moja kwa zamu na kuonyesha jina lake kwenye skrini. Kama yako inacho, anza na hicho kabla hujaweka sinema. Na usisahau kubonyeza kitufe cha kuchagua chanzo kwenye sabufa. Yangu ina AUX na DVD, na yale matundu sita yanafanya kazi kwenye DVD peke yake. Nilikaa saa nzima niko kwenye AUX.

Jambo lingine wadau tulijue. Diski zangu nyingi za sinema zilizotafsiriwa zina sauti ya mafungu mawili tu. Hata ukifunga waya sita, spika za nyuma hazitapata kitu. Kwa hiyo usilaumu sabufa kabla hujajaribu diski yenye alama ya Dolby Digital au DTS na kuchagua sauti ya 5.1 kwenye menyu yake.

Mdau wa Kijenge, Arusha

Naombeni msaada. Yangu inaongea, mazungumzo yapo, lakini kuna mvumo wa "mmmmm" usioisha. Nikipunguza sauti mvumo unabaki pale pale. Nikizima deki upo. Nikichomoa waya unaotoka kwenye TV kuja kwenye sabufa, unapotea. Ni sabufa mbovu?

Mdau wa Njoro, Moshi

Kwa wenye deki zenye matundu ya kijani, bluu na nyekundu: hapo kuna matundu mekundu mawili. Moja ni la sauti ya kulia, jingine ni la picha. Mimi nilichomeka kwenye la picha, spika ya kulia ikawa inatoa mkwaruzo. Angalia tundu jekundu lililo jirani na jeupe.

Fundi, Unga Limited

Kaka wa Kijenge, hiyo sabufa ni nzima. Ukichomoa waya wa TV mvumo ukaisha, maana yake unapita kwenye TV. Mara nyingi waya wa antena au wa dishi unagusa mlingoti wa chuma uliosimama ardhini, na huku vyombo vyako vina njia nyingine ya kwenda ardhini kupitia soketi. Njia zikiwa mbili, umeme kidogo unazunguka kwenye waya wa sauti, na ndio huo unausikia. Fanya jaribio moja: acha kila kitu kilivyo, chomoa waya wa antena nyuma ya TV. Mvumo ukikata, umempata mchawi. Halafu TV, deki na sabufa zote ziweke kwenye ekstensheni moja. Nakuomba sana, asije mtu akakushauri ukate waya wa ethi, ule wa kijani na njano. Huo unalinda maisha yako na ya watoto.

La pili, hizi namba kubwa za PMPO (wati za kutangazia biashara) kwenye katoni zisikutishe wala kukufurahisha. Geuza sabufa, soma kibandiko cha nyuma kinasema inakula wati ngapi. Kama inakula wati 60, haiwezi kumwaga wati 1,000 mfululizo kwenye spika.

La tatu, ambalo linaniumiza kwa sababu naletewa kila wiki: watu wanaongeza spika. Sabufa imeandikwa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), mtu anaunganisha spika mbili za omu 4 kwenye tundu moja, zinakuwa omu 2, aisii, kile kidude cha ndani kinachokuza sauti, inachemka mpaka inaungua. Mama mmoja aliniletea ya kwake ikiwa na wiki mbili tu, ameinunua kwa hela ya mchezo. Roho iliniuma kumwambia.

Mdau wa Marangu

Huku kwetu ilikuwa umeme. Saa mbili usiku unashuka, deki inaendelea kucheza bila shida, lakini sabufa inakwaruza kila besi ikipiga. Nilimshuku kijana aliyenifungia, bure. Nyuma ya deki pameandikwa volti 100 hadi 240, inavumilia. Sabufa ina transfoma ya kizamani ya volti 220, umeme ukipungua nayo inaishiwa nguvu. Niliweka stabilaiza kabla ya Krismasi, ndugu walipopanda kutoka Dar tukaangalia sinema mpaka usiku wa manane.

Mdau wa Kijenge, Arusha

Nimechomoa waya wa dishi sasa hivi. Kimya kabisa. Kesho napanda juu ya bati nikatazame ule mlingoti. Fundi, Mungu akubariki.