Naomba ushauri: msimamizi wangu wa tasnifu ana msimamo mpya kila tukikutana

Habari zenu wakuu. Niko Mwanza, nasoma shahada ya uzamili. Tasnifu yangu inahusu upotevu wa dagaa baada ya kuvuliwa, data nachukua soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Msimamizi wangu ni msomi haswa, sina ubishi. Ila leo ataniambia nilinganishe dagaa wanaoanikwa mchangani na wa kwenye chanja, nikirudi na sura ya tatu anauliza, "Chanja zimetoka wapi?" Barua pepe hajibu, WhatsApp anasoma tu. Na masika ikianza kuanika ni shida, data zangu zinaishia hapo.

Nafikiria kila baada ya kikao nimwandikie muhtasari wa tuliyokubaliana, athibitishe. Mliopitia haya, Profesa hataona namtega? Na msimamizi mwenza nimshirikishe sasa au nitulie kwanza?