Ulinganisho: leseni ipi inafaa kwa fonti uliyoichora mwenyewe na unayotaka kuitoa bure?

Mchora_Irabu (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nimekamilisha fonti ya maandishi marefu yenye sura tatu, yaani ya kawaida, nene na mlazo, nami nataka kuitoa bure ili yeyote aitumie katika vitabu, tovuti na mabango. Njia ninazozipima ni tatu. Ya kwanza ni SIL Open Font License, leseni huria iliyotungwa kwa ajili ya fonti, ambayo hapa nitaiita OFL. Ya pili ni CC0, ambapo mwenye kazi anaachia haki zake zote. Ya tatu ni lile tangazo tunaloliona kwenye fonti nyingi za kupakua, kwamba ni bure kwa matumizi binafsi na anayeitumia kibiashara alipie. Naomba tulinganishe kwa vigezo viwili: mtumiaji awe huru kweli, na fonti isije ikauzwa peke yake na mtu ambaye hakuichora.

Wino_Mzito

Kwa vigezo hivyo naiweka OFL mbele bila kusita. Toleo lake la 1.1, ambalo ndilo linalotumika hadi leo, lilitolewa mwaka 2007, na waandishi wake, Victor Gaultney na Nicolas Spalinger, waliiandika kwa ajili ya fonti hasa, si kwa programu za kila aina. Inaruhusu kutumia, kuchunguza, kubadilisha na kusambaza, hata kuiweka fonti ndani ya programu inayouzwa. Inachokataza ni kuiuza peke yake, na fonti yoyote inayotokana nayo lazima ibaki chini ya leseni ileile. Jambo ambalo wengi hawalisomi ni kwamba sharti hilo haliigusi kabisa hati iliyoandikwa kwa fonti hiyo, kwa hiyo mwandishi wa kitabu hadaiwi chochote wala halazimiki kumtaja mchoraji.

CC0 inatimiza kigezo chako cha kwanza kuliko hata OFL, ila cha pili inakiacha wazi, kwa kuwa mtu anaweza kuichukua fonti, akaipa jina jipya na kuiuza kesho yake bila kuvunja sheria yoyote. Ipo pia Apache 2.0, leseni huria ya programu, lakini hata familia kubwa ya fonti za Noto, iliyoanza na leseni hiyo, ilihamia OFL mwaka 2015.

Karatasi_Kavu

Nitaitetea njia ya tatu, kwa sababu naona inapuuzwa upesi mno. Kuchora sura tatu zenye alama zote za uandishi, tarakimu na herufi zenye vitone na alama za juu ni kazi ya miezi mingi, na mchoraji ana haki ya kusema kwamba anayepata faida kwa kazi yake naye achangie. Mwanafunzi anaipata bure, kampuni inalipa, na sioni dhuluma yoyote hapo. OFL inamtendea mwenye kampuni kubwa sawasawa na mwanafunzi, na hilo linastahili kutajwa wazi kabla mtu hajaamua.

Wino_Mzito

Hoja ya riziki naiheshimu, lakini mpaka wa matumizi binafsi haujulikani. Mwalimu anayechapa mtihani, kikundi cha hiari kinachokusanya michango, mwenye blogu iliyowekwa matangazo: yupi kati yao analipa? Wengi watashindwa kujibu na wataiacha fonti yako. Zaidi ya hayo, masharti ya namna hiyo yanaifungia nje ya mifumo huria ya kompyuta kama Debian, na Google Fonts, maktaba ya mtandaoni ya fonti za bure, hawataipokea. Wewe mwenyewe, ukiwa mwenye hakimiliki, hufungwi na OFL uliyoitoa. Unaweza bado kuiuzia kampuni fonti hiyohiyo kwa mkataba mwingine, au kulipwa kwa kuongeza sura mpya. Angalizo moja tu: wakishachangia watu wengine, itakubidi upate ridhaa yao kwa sehemu walizochora.

Rula_Ndefu

Nakubaliana na OFL, lakini ndani yake kuna uamuzi mwingine ambao mwanzisha mada hajautaja, nao ni jina lililohifadhiwa. Leseni inakuruhusu kutangaza kwamba anayeibadilisha fonti asiitumie kwa jina la asili uliloipa fonti bila idhini yako ya maandishi. Kwa mara ya kwanza mtu huona ni ulinzi mzuri, na kwa fonti ya kuchapisha vitabu pengine ni hivyo. Kwenye tovuti, hata hivyo, hali ni tofauti: ili ukurasa ufunguke haraka, huduma ya tovuti huondoa ndani ya faili glifu, yaani maumbo ya herufi na alama, ambazo ukurasa hauzihitaji, na faili iliyopunguzwa hivyo ni fonti iliyobadilishwa. Ukihifadhi jina, kila anayepunguza faili anahitaji ruhusa yako au alibadilishe jina. Kwa sababu hiyo Google Fonts huwataka wachoraji wasihifadhi majina, nami nakushauri hivyohivyo.

Nafasi_Nyeupe

Naomba tuongeze suala la faili za chanzo, yaani zile ulizochorea fonti, kwa sababu OFL haikulazimishi kuzitoa, na fonti nyingi huishia hapo. Ukitoa TTF peke yake, yaani faili la fonti lililo tayari kutumika, anayetaka kuongeza ŋ au ɓ anakuta ufito wa herufi t umeshaunganishwa na shina lake kuwa umbo moja, na mikondo imegeuzwa kuwa ya aina nyingine yenye nukta nyingi zaidi ya ulizochora. Inarekebishika, lakini inachosha na matokeo yake huwa na mafundo. Toa chanzo katika umbizo la UFO, ambalo ni faili za maandishi zinazofunguka kwenye programu za kuchora fonti kama FontForge, ambayo ni ya bure, na kwenye Glyphs, FontLab na RoboFont pia.

Pamoja nazo andika vipimo vyako. Kama katika mraba wa uniti 1000 ambamo kila herufi huchorwa umeiachia n nafasi ya uniti 80 kando ya shina na o umeiachia 45, na kama o inazidi mstari wa msingi kwa uniti 10 ili macho yaione ina kimo sawa na n, yaseme hayo. Anayekuja baadaye akijua namba hizo, herufi zake zitakaa pamoja na zako bila kuonekana za kuazima.

Mchora_Irabu

Nashukuru sana. Nimeamua kutumia OFL bila kuhifadhi jina, na faili za UFO zitakuwa katika folda ileile. Swali langu la mwisho: je, inatosha kuweka faili la leseni kando ya fonti?

Rula_Ndefu

Haitoshi, kwa kuwa watu hunakili faili la fonti peke yake. Weka OFL.txt yenye mstari wako wa hakimiliki, kisha ndani ya fonti, kwenye jedwali la majina, jaza nafasi ya 13 kwa maelezo ya leseni na ya 14 kwa anwani yake. Halafu kagua fsType, namba inayoziambia programu kama fonti inaruhusiwa kupachikwa, katika jedwali la OS/2 lililomo ndani ya fonti, iwe 0. Ikibaki na thamani nyingine, baadhi ya programu zitakataa kuipachika fonti kwenye PDF ingawa leseni yako inaruhusu.