Mafundi acheni ramli! Nimeshushiwa giaboksi kwa oringi (kipete cha mpira cha kuzuia oili) ya shilingi elfu tatu

Wakuu, heshima kwenu. Nimekuja na hasira, mtanivumilia nikiandika ovyo.

Gari ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE, gia za kukanyaga klachi, si otomatiki. Najua wapo watakaosema uza hilo kopo. Kopo hilo limenipeleka Tanga na kurudi mara sijui ngapi bila kuniweka njiani, kwa hiyo hapo tuache.

Shida ilianza baada ya Pasaka. Kila asubuhi nikitoa gari nakuta doa jeusi kwenye pevingi, ukubwa wa kisosi cha chai. Mwenye nyumba ndiyo kwanza katandaza hizo pevingi, na kila doa jipya analiona kabla yangu. Oili ilikuwa inapungua kama nusu lita kila wiki tatu. Doa lilikuwa linadondokea pale injini inapoungana na giaboksi. Hilo mlikumbuke, maana ndilo lililoniponza.

Nikaenda gereji moja Tabata niliyoelekezwa na mtu wa kazini. Fundi akainama, akapitisha kidole chini ya giaboksi, akanusa, akajifuta kwenye ovaroli. Sekunde kumi, nawaapia.

"Bosi, hii ni sili ya nyuma ya krenki. Giaboksi lazima ishuke."

Yaani ule mpira unaozuia oili pale shina kuu la injini linapotokea upande wa giaboksi. Nikamuuliza una uhakika? Akacheka na vijana wake. "Kaka, mimi 110 naifungua nimefumba macho." Nadhani hapo ndipo tatizo lilipo, kwamba kweli alikuwa amefumba macho.

Hesabu ikawa hivi: ufundi 180,000, sili 45,000 "orijino kabisa", na oili ya giaboksi 40,000. Ilipokuwa imeshashuka akaniambia ni ujinga kurudisha klachi ya zamani, basi seti ya klachi 250,000. Jumla 515,000. Siku mbili napanda daladala.

Sasa sikilizeni kitu ambacho mpaka leo kinaninyima usingizi. Nilikuwepo giaboksi iliposhuka. Nilipiga hata picha kwa simu. Pleti ya klachi ilikuwa KAVU. Flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalokaa na klachi, kavu. Ndani ya nyumba ya klachi kulikuwa na vumbi jeusi la klachi tu, lile linalopeperuka ukilipuliza. Hakuna tone la oili. Wakati ule sikujua maana yake. Leo najua: sili ya nyuma ya krenki iko ndani huko, nyuma ya flaiwili. Ikivuja kiasi cha kuchafua pevingi kila usiku, ndani mle kutakuwa kumelowa, na mara nyingi klachi inaanza kuteleza kwa sababu pleti imekunywa oili. Ule ukavu ulikuwa ushahidi mbele ya macho yake kwamba amekosea. Angesema, "Kaka, samahani, si hapa," ningemlipa ufundi wake na soda juu. Akanyamaza, akang'oa sili isiyo na tatizo, akapiga mpya kwa nyundo, akaendelea na hesabu yake.

Siku ya nne doa limerudi. Kisosi kilekile, mahali palepale. Mwenye nyumba kasimama mlangoni, kashika kiuno.

Nikarudi. Safari hii ramli ikahamia juu: "Basi ni tapeti kava." Yaani kile kifuniko cha juu ya injini. Hakubadilisha gasketi yake, ule mpira wa kuziba ukingoni. Alifungua, akamimina silikoni kama anapamba keki, akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. 30,000. Doa likarudi. Mara ya tatu hakunyanyua hata boneti: "Injini imezeeka hiyo bosi, we weka oili nzito, namba 40, itapunguza." Yaani nusu milioni imeliwa, dawa ni uji!

Nikasema basi. Jumamosi nikavua shati nikaingia mwenyewe. Mimi si fundi, ni mhasibu. Ila niliwahi kuambiwa na mzee mmoja dereva wa malori kwamba oili haipandi mlima. Inashuka, na gari likiwa linatembea upepo unaisukuma nyuma. Kwa hiyo unapoiona imedondoka sipo ilipotokea. Unaanzia juu kabisa palipolowa, si chini kabisa.

Nilifanya hivi. Injini ikiwa imepoa, nikafunika distributa (ile inayogawa moto kwa plagi) na alteneta kwa mifuko ya plastiki, nikasugua injini nzima na giaboksi kwa dizeli kidogo na brashi, kisha sabuni ya unga na maji ya ndoo. Msitumie petroli, hasa kama injini ina moto, mtaunguza mtaa. Nikaiacha jua liikaushe mpaka mchana. Halafu nikachukua poda ya mwanangu nikanyunyizia sehemu zote ninazozishuku: ukingo wa tapeti kava, shina la distributa, swichi ya presha ya oili, filta, upande wa taimingi belti, ukingo wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mke wangu alidhani nimechanganyikiwa. Nikawasha injini ikasilensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) dakika kama kumi na tano, nikazima, nikachukua tochi na kioo kidogo cha kunyolea.

Wakuu, poda ilikuwa nyeupe kote isipokuwa mstari mmoja. Mstari wa kahawia, mwembamba kama uzi, unatoka pale distributa inapoingia kwenye silinda hedi (sehemu ya juu ya injini), unashuka ukutani, unakwenda kutua JUU ya giaboksi, kisha unazunguka mpaka chini na kudondoka. Kwenye injini hizi distributa imekaa ubavuni mwa hedi, upande wa giaboksi. Ikivuja, inadondokea palepale ambapo sili ya nyuma ingedondokea. Ni kosa linalojulikana kabisa kwenye hizi injini. Mtu anayefungua 110 "amefumba macho" alitakiwa alijue kuliko jina la mama yake.

Oringi ya distributa nimeinunua Kariakoo shilingi 3,000. Ya zamani ilikuwa ngumu kama plastiki, nilipoikunja ikakatika vipande viwili. Kazi nzima haikufika saa moja. Cha kuangalia ni kimoja: kabla hujalegeza bolti, chora alama kwa msumari kwenye distributa na kwenye hedi, na uirudishe palepale, la sivyo unaharibu taimingi ya moto, yaani wakati wa plagi kutoa cheche. Nilipomaliza nikampa mtu mwenye taa ya taimingi ahakikishe. Unaunganisha TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia, inatakiwa isome digrii 10. Ilisoma 10. Na ukifungua kifuniko ukakuta oili NDANI ya distributa, hapo ni sili ya shina lake, si hii oringi ya nje, na mara nyingi watu huamua kutafuta distributa nyingine.

Sikuishia hapo, maana nilijiuliza kwa nini oringi ikakata tamaa. Nikachomoa ile valvu ndogo ya kupumulia iliyochomekwa kwenye tapeti kava, PCV. Ukiitikisa inatakiwa igonge tik-tik. Yangu ilikuwa bubu, imejaa tope la oili, na mpira wake umekauka kama mkaa. Hiyo ikiziba, ule upepo unaopenya kwenye ringi za pistoni unakosa pa kutokea, presha inajaa ndani ya injini na kusukuma oili kwenye sili yoyote iliyo dhaifu. Ukibadilisha sili bila kuiangalia PCV, umehamisha uvujaji tu. 12,000 ikanitoka, kwa moyo mweupe.

Halafu tapeti kava. Hii ndiyo iliyonipandisha presha upya. Nati zake zinahitaji mkazo mdogo sana, nyutonimita 6 hivi, yaani kifundo cha mkono na spana fupi. Jamaa alikaza mpaka gasketi imeminywa na kutoka nje upande mmoja. Ndani nikakuta minyoo ya silikoni imeanza kubanduka. Minyoo ile ikidondoka inakwenda kwenye sampu, inakaa kwenye chujio la pampu ya oili, injini inakosa oili, na hapo ndipo mtaambiwa "hizi Toyota za zamani zinakufa ghafla." Silikoni inawekwa kidogo, kwenye kona na kwenye ule mpira wa nusu mwezi, basi. Gasketi mpya 25,000.

Jumla yangu 40,000. Wiki tatu sasa, usiku natandika boksi la katoni chini ya gari, asubuhi liko safi.

Kuna atakayekuja kunifundisha kwamba sili ya nyuma nayo huvuja. Najua. Huvuja sana tu. Lakini ikiwa ni yenyewe, juu kote kutakuwa kukavu na oili itachungulia kwenye upenyo wa chini wa nyumba ya klachi. Na kama ni oili ya giaboksi, inanuka yai viza, pua tu inatosha. Fundi alinusa kidole chake, nilimwona. Sijui alikuwa ananusa nini.

Sidai anirudishie pesa ya klachi, ile naitumia na kwa kweli imekuwa laini. Nataka 180,000 ya kushusha giaboksi, 45,000 ya sili na 30,000 ya ile keki ya silikoni. Risiti sina, nina jumbe za M-Pesa, picha ya pleti kavu na picha ya poda. Kuna aliyewahi kumpeleka fundi Mahakama ya Mwanzo kwa kitu kama hiki akafanikiwa? Au nianze na serikali ya mtaa? Naomba majibu ya waliopitia, si ya "nunua IST".

NYONGEZA, saa tatu usiku: nimemtumia fundi zile picha zote WhatsApp, pamoja na ya distributa. Kajibu sasa hivi: "Sawa bosi nimeona, ilete kesho tushushe sampu tuicheki."