Nataka kufanya utafiti wa uzee masta, kila idara inanirusha kwa mwenzake. Nifanyeje?

takwimu_tu
Wakuu habari zenu. Nimemaliza digrii ya takwimu, sasa naingia masta na kitu ninachotaka kusoma ni uzee wa binadamu, yaani kwa nini watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja, wakifika 75 mmoja anapanda ngazi vizuri tu na majina ya wajukuu wote anayo kichwani, mwenzake kuinuka kitini tu ni shughuli. Nimeandika wazo kurasa mbili nikapeleka idarani wakasema hii ni biolojia, biolojia wakasema hii sosholojia, na sosholojia wakaniambia bila daktari sifiki popote. Naomba wale mliofanya tafiti za kuchanganya fani mniambie, hivi mwanafunzi anaweza kweli au nichague kona moja nitulie? Naogopa siku ya kutetea tasnifu nijikute sina mwenyewe.

seli_na_jeni
Mimi ni mtu wa maabara nikuambie hali ilivyo huku. Mwaka 1961 Hayflick na Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu ukizikuza kwenye chombo zinagawanyika kama mara 40 hadi 60 halafu zinasimama, baadaye ikaja habari ya telomia, zile ncha za kromosomu zinazofupika kila seli ikigawanyika, waliozifanyia kazi wakapewa Nobeli 2009. Kisha 2013 López-Otín na wenzake wakaweka pamoja alama 9 za kuzeeka, 2023 wakaziongeza zikafika 12. Kazi nzuri sana na naipenda. Ila zote hizo ni za ndani ya mwili, hakuna inayokuambia huyo mzee anaishi na nani, alibeba mizigo miaka mingapi, analala usingizi au anahesabu mabati usiku kucha. Na hayo yote yanaishia mwilini, sisi tunakuja kuona matokeo tu. Kwa hiyo swali lako la watu wawili wa 75, maabara peke yake hatulimudu, nakwambia ukweli.

dada_demografia
Mdogo wangu usikate tamaa, ila nadhani umeanza kwa kutafuta idara kabla ya swali kukaa sawa. Angalia ule utafiti wa masista wa Kikatoliki Marekani ulioanzishwa na David Snowdon 1986. Masista 678, wote wa miaka 75 kwenda juu, maisha yao yanafanana kwa chakula, makazi na matibabu, na wakakubali wakifariki ubongo wao uchunguzwe. Sasa kwenye kumbukumbu za nyumba zao yakapatikana maelezo mafupi ya maisha yao waliyoyaandika wakiwa wasichana wa miaka ishirini na kitu, kabla ya nadhiri. Watu wa isimu wakakaa wakahesabu mawazo yaliyobanwa kwenye kila sentensi, na ikaonekana wale ambao sentensi zao zilikuwa na mawazo machache ndio walioelekea zaidi kupata Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, uzeeni, miaka zaidi ya hamsini baadaye! Halafu wapo ambao ubongo ulikutwa umejaa dalili za ugonjwa ila hadi wanafariki akili ilikuwa timamu. Sasa hapo nani angeyaona hayo peke yake? Daktari wa ubongo asingefungua makabati ya barua za zamani, na mtu wa isimu asingeshika darubini. Swali lenyewe ndilo liliwaita.

mkongwe_wa_viva
Nitapinga kidogo. Hao walikuwa timu yenye pesa na miaka mingi, huyu ana masta ya miaka miwili. Mtahini anakupima kwa vigezo vya idara iliyokusajili, basi. Ushauri wangu kaa kwenye takwimu, ndiyo nyumba yako, halafu mtafute msimamizi wa pili upande wa afya na mkubaliane mapema KWA MAANDISHI nani anasoma sura ipi. Nimeona wanafunzi wanasubiri miezi kila msimamizi akidhani mwenzake ndiye anayesoma, inauma sana.

fizio_kazini
Mimi ni mtu wa fizio, yaani tiba ya viungo, naongeza la kwenye korido. Tuna kipimo kimoja rahisi mno, mzee anakaa kitini, anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi anakaa, wewe una saa mkononi. Akitumia sekunde 12 au zaidi tunaanza kuwa na wasiwasi wa kuanguka. Ila mtazame kwenye ile kona ya kugeuka. Kuna anayechelewa sababu mapaja hayana nguvu, kuna anayechelewa sababu dawa za presha zinampa kizunguzungu akisimama, na kuna ambaye nguvu anazo kabisa ila aliwahi kuanguka, anashika ukuta, hatua fupi fupi. Huyu wa tatu asipotembea kwa woga misuli inaisha kweli, halafu anaanguka kweli. Saa inakupa namba ileile kwa wote watatu, sababu zao ni fani tatu tofauti.

takwimu_tu
Asanteni sana jamani, @fizio_kazini umenigusa hasa, hilo la woga nalitaka. Data ntapata wapi lakini, maana kukusanya mwenyewe sina uwezo huo.

dada_demografia
Usikusanye. Kuna Health and Retirement Study ya Chuo Kikuu cha Michigan, ilianza 1992, wanawarudia watu walewale wa zaidi ya miaka 50 kila baada ya miaka miwili, afya, pesa, familia, hadi nguvu ya mkono kushika. Uingereza wana utafiti kama huo unaitwa ELSA tangu 2002, na Ulaya upo SHARE tangu 2004. Watafiti wanajisajili na kupata data nyingi bure. Mambo mawili uyaangalie sana. Usilinganishe wa 60 na wa 80 wa leo ukasema tofauti ni umri, wa 80 alikulia zama nyingine, shule na chakula tofauti. Na wanaobaki hadi awamu za mwisho ndio wenye afya, wagonjwa wamefariki au wameacha kujibu, usipolishughulikia hilo uzee utaonekana mwepesi kuliko ulivyo.

fizio_kazini
Na kwenye woga, hakikisha umepimwa awamu ya KABLA ya nguvu kupungua. Ukichukua vyote awamu moja hutajua kipi kilitangulia, maana aliyeishiwa nguvu naye ana haki ya kuogopa.

takwimu_tu
Sawa, wiki hii naanza na madodoso ya ELSA, natafuta walipouliza habari ya kuanguka na ni awamu zipi.

mkongwe_wa_viva
Hapo sasa. Ukishajua awamu andika ukurasa mmoja tu, swali na data basi, mpelekee mtu wa fizio hapo chuoni kwenu kabla ya kurudi idarani.