Tupeane uzoefu: wanawake wa Kihindu tulio ughaibuni na ushauri nasaha

Mwanzisha mada
Dada zangu, nimezaliwa Tanga, nyumbani tukizungumza Kigujarati na sokoni Kiswahili, na sasa ni mwaka wa 11 niko Leicester, England. Mwaka jana niliacha ushauri nasaha baada ya vikao vitatu. Mshauri alikuwa mpole, lakini kila nilipomtaja mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye, aliniuliza nitahama lini, kana kwamba nyumba yenye vizazi vitatu ndiyo ugonjwa wenyewe. Sikwenda kumshtaki mama yule. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa silali. Waliopata mshauri aliyewaelewa, alifanya nini hasa?

Binti wa Jinja
Mama yangu alitoka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka, akaja Leicester ingawa halmashauri ya mji huu ilikuwa imetoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Hakuwahi kuyazungumza hayo. Baba alipofariki alianza kulalamikia kifua, na neno lake lilikuwa *gabhraman*, yaani moyo unapapatika na roho haitulii. Vipimo vya moyo havikuonyesha kitu. Mshauri wa kwanza alimpa fomu ya kujipima huzuni kwa alama za 0 hadi 3, naye akajaza sifuri tupu, kwa kuwa huzuni hakuulizwa kwa jina analolijua. Wa pili aliiweka fomu kando, akamwomba aonyeshe kwa mkono *gabhraman* inapita wapi. Mama aliweka kiganja chini ya koo, akakishusha polepole hadi tumboni. Ndipo mshauri akauliza kwa nini mikono yake haina bangili. Kwetu mjane huvua bangili, na mama alijibu kwamba hiyo ilikuwa mara ya pili kuvuliwa, kwani mara ya kwanza walimvua askari kwenye kizuizi cha barabara ya Entebbe. Nilikuwa na miaka 44 siku hiyo, na nilikuwa silijui jambo hilo.

Mkalimani
Mimi hutafsiri Kigujarati katika vikao hivi. Mteja akiniona mlangoni mara nyingi hunyamaza, kwa sababu wakati wa Navaratri, sikukuu yetu ya usiku tisa, tunacheza ngoma ya garba katika ukumbi mmoja, na ahadi yangu ya kutunza siri haimtoshi. Ombeni mkalimani wa simu aliye mji mwingine. Wala msikubali mtoto atafsiri. Nimewahi kumkuta binti wa miaka 12 akipunguza maneno ya mama yake ili daktari asiogope.

Mla mboga
Nilimeza dawa ya sonona wiki mbili kabla ya kugundua kwamba ganda la kapsuli lina jelatini, inayotokana na wanyama. Mfamasia alinipatia ya maji nilipouliza. Ulizeni mapema.

Aliyeolewa kutoka Mombasa
Naomba nitofautiane kidogo na mwanzisha mada. Mshauri wangu alikuwa na heshima ya kupita kiasi: nilipomwambia kuwa mume amenificha pasipoti, na viza yangu ya mwenzi hainiruhusu kupata msaada wa serikali, alijibu kwamba asingependa kuingilia mila zetu. Mila ipi ya Kihindu inaficha pasipoti? Waliosaidia ni Southall Black Sisters wa London, ambao wamekuwa wakiwatetea wanawake wa aina yangu tangu 1979, na hawakuanza na dini yangu, walianza kwa kuuliza kama usiku huo nina mahali salama pa kulala.

Mwanzisha mada
Nimejiandikisha upya, huku England tunaruhusiwa kufanya hivyo bila kupitia kwa daktari. Kwenye fomu nimeandika kwamba naishi na mavyaa, kwamba hanitesi, na kwamba shida yangu ni usingizi. Mkalimani, huyo wa simu huombwa lini?

Mkalimani
Mwombe unapopangiwa siku, dada. Ukingoja hadi kikao chenyewe, huenda nikaja mimi.