Naomba ushauri: tofali za kuchoma kwa nyumba ya mama, Masasi

Habari za majukumu wakuu. Pesa ya korosho ikiingia nataka nimjengee mama nyumba ya vyumba vitatu huku Masasi. Mimi napenda tofali za kuchoma, maana udongo wa mfinyanzi upo bondeni na vijana wa kufyatua wapo. Fundi anang'ang'ania blok, anasema saruji inatengenezwa hapo hapo Mtwara, ya nini kuhangaika?

Nimeenda kuangalia tanuri linalouzwa kijiji cha pili. Tofali za katikati, karibu na midomo ya moto, zimeiva haswa: nyekundu, ukigonganisha mbili zinalia kama kengele. Za juu na pembeni zimepauka, ukikwaruza kwa ukucha unatoka unga. Moja ya pembeni niliilaza kwenye ndoo ya maji, asubuhi kona zote zimemeguka. Na muuzaji hataki kuchaguliwa, anauza tanuri zima.

Waliojenga kwa tofali hizi naomba mnisaidie. Zile zisizoiva zinaweza kukaa kuta za ndani, au ni kumtafutia mama balaa? Msingi nitaweka mawe, hapo sina shaka. Ila kujengea kwa tope halafu plasta ya saruji nje, inashika au inabanduka masika?

Nikiamua kuchoma mwenyewe, kuna aliyetumia pumba za mpunga? Kukata miti kwa ajili ya tanuri kunaniuma sana, vilima vyetu vinabaki vipara. Je, pumba peke yake zinaivisha mpaka tofali za juu, au lazima nichanganye na kuni?