Tunguu la ua jekundu hukaaje hai kiangazi chote bila jani hata moja?

MpendaMaua, Arua

Ndugu zangu, poleni na shughuli. Kandokando ya nyumba aliyoniachia mama kuna maua ya asili ambayo huchomoza mvua za kwanza zinaponyesha, kati ya Machi na Aprili: shina moja nene lenye rundo la maua mekundu lililoviringana kama mpira, kisha majani mapana hufuata. Kiangazi kinapoingia mwezi wa Desemba, majani yote huwa yamekauka na mahali pale hubaki udongo mtupu. Januari nilifukua moja nikidhani limekufa, nikakuta tunguu gumu, zito, lenye unyevu ndani, ilhali udongo uliolizunguka ulikuwa mkavu kama majivu. Nililirudisha upesi. Naomba kufahamishwa chakula chake hutoka wapi, na huishije miezi ile yote. Tena, mwaka jana nilikata majani mara tu maua yaliponyauka ili uwanja uonekane safi, na mwaka huu ni matunguu mawili tu kati ya saba yaliyochanua. Je, ni mimi niliyeyadhuru?

Mwalimu wa Biolojia, Masindi

Ndugu yangu, chukua kitunguu cha jikoni ukipasue kutoka juu hadi chini. Kwenye kitako utaona sehemu ngumu, bapa, ambayo ndiyo shina lenyewe lililofupika, na mizizi huota kutoka hapo. Yale matabaka meupe yaliyokumbatiana ni majani, au sehemu za chini za majani, yaliyonenepa kwa kubeba akiba. Katikati limo chipukizi, na nje kuna ngozi kavu inayozuia maji yasipotee. Tunguu la ua lako limejengwa kwa mpango huohuo. Kiazi kitamu ni kitu kingine kabisa, kwa kuwa ule ni mzizi ulionenepa.

Akiba hiyo hutengenezwa na majani wakati wa mvua. Jani hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni dayoksaidi kutengeneza sukari; sehemu ya sukari hiyo huteremka hadi kwenye tunguu na katika mimea mingi hugeuzwa kuwa wanga, ingawa kitunguu cha jikoni huiweka zaidi kama sukari, ndiyo sababu kikikaangwa polepole huwa kitamu. Hata jani linapogeuka manjano bado lina kazi, kwa maana mmea huwa unaondoa naitrojeni na virutubisho vingine kutoka kwenye jani hilo na kuvirudisha chini kabla ya kuliacha likauke.

Kiangazi, tunguu huendelea kupumua, lakini polepole mno, hivyo akiba hupungua kidogo tu. Na kwa kuwa hakuna majani, maji hayapati njia kubwa ya kutokea. Mara nyingi chipukizi la ua huwa limekwisha kuumbwa humo ndani, kwa hiyo mvua ikifika linabaki kurefuka tu, na ndiyo maana unaliona limechomoza ghafla.

Kuhusu majani uliyoyakata, naam, yaelekea hiyo ndiyo sababu. Matunguu hayo hayakufa; yamekosa akiba ya kutosha kuchanua. Yaachie majani yake yote hadi yajikaukie yenyewe, nawe uvumilie msimu mmoja au miwili.

Muuza Miche, Entebbe

Naunga mkono maneno ya Mwalimu, na ninaongeza jambo moja linalonihuzunisha kila mwaka: watu huyahurumia matunguu yaliyolala wakayamwagilia. Tunguu lisilo na majani halina matumizi makubwa ya maji, na udongo ukikaa umelowa huoza kuanzia kitakoni. Wateja pia huniletea matunguu ya tulipu kutoka Ulaya, wakipanda hupata majani matupu. Tulipu asili yake ni milima ya Asia ya Kati, na huhitaji wiki 12 hadi 16 za baridi ndipo shina la ua lirefuke ipasavyo. Kwa hali ya hewa yetu ni heri kupanda amarilisi.

MpendaMaua, Arua

Ahsanteni sana. Je, Desemba niyang'oe yote niyahifadhi ndani, au niyaache?

Mzee wa Shamba, Gulu

Yaache, mwanangu. Matunguu mengi ya namna hii yana mizizi inayojikunja na kujifupisha, ikilivuta tunguu chini kidogo kidogo hadi kwenye kina ambako joto la mchana halilichomi, na ukiling'oa kila mwaka unaivunja kazi hiyo. Funika mahali hapo kwa nyasi kavu na uweke alama ya mawe, ili jembe lisiyakate. Ukilazimika kuyatoa, kwa mfano wakati wa ujenzi, yakaushe kivulini, uyaweke katika kikapu kinachopitisha hewa, na kikapu hicho kisiingie jikoni hata siku moja: tunguu hilo hufanana na kitunguu, lakini lina sumu inayoleta kutapika, na mtoto anayetumwa kuleta kitunguu hawezi kujua tofauti.